Foleni ya Mama Upawa

Sauti ya Mama Upawa ilikuwa inafika mahali kabla ya mwenyewe. Mumewe, akiwa amekaa nyumbani, alijua kwamba mkewe amefika kona ya kinyozi, kwa sababu salamu alizompa kinyozi zilikuwa zimeshaingia dirishani. Wala hakuwa mgomvi. Ni kazi iliyompa sauti ile, kama kazi inavyompa mhunzi mkono. Alikuwa mpishi wa shule, ujana wake wote na utu uzima wake karibu wote, na mtoto mwenye njaa hasikii mpaka apaaziwe sauti.

Jiko la shule lilikuwa na dirisha moja la kugawia, fupi, lililojengwa na fundi ambaye labda hakuwahi kumwona mpishi amesimama. Kutoka ndani, Mama Upawa hakuona nyuso. Aliona mikono na sahani. Sahani inakuja, upawa unashuka, sahani inaondoka. Lakini mikono ile aliisoma. Alimjua mtoto aliyelala bila kula kwa namna sahani ilivyotetemeka. Alimjua aliyetoka kupigana. Alimjua mtundu mmoja aliyerudi mara ya pili kila siku, amebadilisha sahani lakini mikono kashindwa kuibadilisha. Huyo akampa jina la Nyongeza.

"Nyongeza," alimwambia, macho yakiwa kwenye sufuria, "mwambie ndugu yako aliyepita sasa hivi kwamba mmefanana vidole."

Na upawa ukashuka. Hakuwahi kumrudisha.

Jambo moja tu hakulivumilia, nalo ni kusukumana. Palipotokea kusukumana Mama Upawa alivuta pumzi, akatoa neno moja, foleni, na uwanja mzima ukanyooka kama uzi uliovutwa. Walimu walikiri kwamba hata wao miguu ilitaka kwenda kupanga mstari.

Siku alipostaafu walimpa saa ya ukutani pamoja na ule upawa wake wa zamani, uliopinda mpini. Akavitundika sebuleni, kimoja chini ya kingine. Mume wake, Baba Watoto, fundi wa magari aliyekuwa ameshapumzika kazi kabla yake, akasema sasa nyumba ina vitu viwili vya kumwambia mtu kwamba muda wa kula umefika, na vyote viwili havijui kupika.

Kupumzika hakukumkaa. Alipikia watu wawili kama anayepikia darasa, majirani wakanenepa. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Kisha Jumapili moja akaja mgeni kanisani, mama mfupi mwenye viatu vya vumbi, kutoka kituo kidogo cha misheni huko milimani, mahali ambako barabara inaisha na watu wanaendelea. Hakusema sana. Alisema kule kuna zahanati, kuna darasa, kuna gari moja la kubebea wagonjwa ambalo huzimika kila likipanda mlima, na kuna watu wengi ambao hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba Mungu anawajua kwa majina. Watenda kazi ni wachache, akasema, na wamechoka. Akaketi.

Mama Upawa alikuwa kwenye benchi, Baba Watoto ubavuni pake, na mikono yake, iliyokuwa inahangaika tangu siku aliyostaafu, ikatulia mapajani. Akajua ameitwa. Baadaye watu walipomuuliza kuitwa kukoje, alisema si radi. Ni kama kusikia maji yameanza kuchemka chumba cha pili: hujayaona, lakini unainuka.

Kanisa lile halikumtuma mtu hivi hivi. Aliyetaka kwenda aliwekwa kwanza katika maandalizi, chini ya kijana mmoja mwembamba mwenye miwani, mpole, mpenda utaratibu, ambaye wote walimwita Mwalimu. Kwake kazi ilitangulia neno. Katikati ya wiki wanafunzi wake walifua mashuka ya wodi, walifagia soko wachuuzi wakishaondoka, walichota maji kwa wazee wasio na mtu. Jumamosi ndipo walipotoka barabarani na benchi, Biblia na kipaza sauti, kila mmoja akapata zamu ya kuhubiri. Na juu ya hayo yote ilikuwepo kanuni ya wazee wa kanisa, ambayo haikupindishwa kwa ajili ya yeyote: mwenye ndoa hatumwi mpaka mwenzake asimame mbele ya kanisa na kusema kwa kinywa chake kwamba amekubali.

Siku ya kwanza, Mwalimu alipompa mkono, Mama Upawa alimtambua. Vidole havidanganyi. Lakini heshima ni kitu cha bure, na mtoto akishakuwa mwalimu wako humwiti kwa jina la dirishani. Akamwita Mwalimu, akameza kicheko chake.

Kwenye kufua na kufagia hakuwa na mshindani. Wagonjwa wa wodi ya wanawake walimngoja kama watu wanavyoungoja mwanga wa asubuhi. Alikuwa akiwageuza, akiwaosha, akiwatania, na shuka likitoka mikononi mwake lilitandikika bila mkunjo. Taabu ilikuwa Jumamosi. Mwalimu alikuwa amewafundisha hotuba ya hatua nne: Mungu anakupenda, dhambi imekutenga naye, msalaba umekulipia, mlango uko wazi, ingia. Mtu atapoteaje ndani ya hatua nne? Mama Upawa alipotea. Kila aliposhika kipaza sauti aliona nyuso, na hizo ndizo hakuzizoea: nyuso tupu bila sahani, zote zinamtazama yeye, hakuna dirisha la kujibanza, hakuna sufuria ya kuangalia. Sauti iliyonyoosha uwanja wa shule ikakonda ikawa ya mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka nje. Alisema Mungu anawapenda, akanyamaza, akasema tena Mungu anawapenda, akamrudishia Mwalimu kipaza sauti chake. Fundi viatu wa kona ile, mwenye mdomo mkali kuliko sindano zake, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba habari ni njema ila imekatwa mapema.

Basi akafanya mazoezi nyumbani. Alisimama jikoni, upawa ndio kipaza sauti, akazihubiria sufuria pamoja na kuku mmoja wa jirani aliyezoea kuingia bila hodi. Baba Watoto alikaa kwenye kiti chake kando ya mlango, amefungua redio iliyokufa siku nyingi, vipande vimejaa mapajani, anajifanya hayupo.

"Umeruka dhambi," alisema siku moja bila kuinua kichwa.

"Nini?"

"Umetoka kwenye kupendwa ukaenda moja kwa moja msalabani. Jana ulipitia kwenye dhambi. Leo umekata kona."

"Si ulisema husikilizi?"

"Sisikilizi. Lakini injini ikiruka, fundi anajua."

Kuku akatoka nje, labda kwa kuona kwamba mambo yamekuwa ya ndani.

Habari ya kusimama kanisani ilikuwa ngumu zaidi ya hotuba. Siku ile ya mgeni Baba Watoto alikuwa amesema misheni ni ya watu wenye maneno, akaishia hapo. Kila alipomuuliza Baba Watoto kama atakubali, alijibiwa kwa mzaha. Alimuuliza asubuhi, akaambiwa mtu haulizwi jambo zito kabla ya chai. Alimuuliza baada ya chai, akaambiwa tumbo likijaa akili hulala. Akamuuliza katikati ya chai, na Baba Watoto akasema amewahi kuona watu wakipaliwa kwa maswali madogo kuliko hilo. Alikuwa mtu wa mizaha tangu uchumba, na kwa mizaha hiyohiyo ndivyo alivyompata. Lakini ndoa ni shule isiyo na likizo. Mama Upawa alikuwa amejifunza kwamba mume wake akizidisha mizaha, chini yake kuna kitu kinauma, kama gari linalojipigia honi lenyewe: ubovu hauko kwenye honi.

Akadhani anajua kinachouma. Watoto walishaoa na kuolewa, wako mbali. Mzee anaogopa kubaki na kuta. Basi akaanza kumfundisha mambo ya jikoni. Akamwonyesha jiko linavyowashwa, akamwonyesha chumvi inakokaa, jambo ambalo Baba Watoto alilipokea kama habari mpya. Wali wake wa kwanza, kwa maoni yake mwenyewe, ulifaa kuzibia pancha. Mama Upawa akaula wote, akasema una ladha.

"Unaona? Utaweza. Wewe niruhusu tu."

Baba Watoto alinyanyuka, akachukua sahani zote mbili, akaenda kuziosha. Kuosha kule bila mzaha kukamtisha kuliko mizaha yote.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Wazee wa kanisa wangekuja wenyewe kona ile kusikiliza, na kesho yake, Jumapili, waume na wake wangesimamishwa. Mama Upawa alijifunga kitambaa kichwani, akasimama mbele ya kiti cha mume wake.

"Baba Watoto, usiposimama kesho, jina langu linakatwa. Sitakulaumu, na chakula utakula kama kawaida. Lakini nitaumia."

Mume wake alikuwa ameiinamia redio. Akasema kuna nati moja imepotea, akaanza kuitafuta chini ya kiti, mahali ambapo wote wawili walijua kwamba haipo. Mama Upawa akatoka. Kinyozi alishangaa siku ile kumwona amepita bila kusikika.

Kona yenyewe ilikuwa pana, baina ya duka la vitambaa na duka la simu, na fundi viatu chini ya mwavuli wake kama hakimu. Wazee wa kanisa walisimama kando, mikono nyuma. Waliotangulia walihubiri vizuri, watu kadhaa wakasimama kusikiliza. Zamu ikamfikia Mama Upawa. Akashika kipaza sauti, akafungua mdomo, na kipaza sauti kikakoroma, kikatoa mlio wa paka aliyekanyagwa, kikazima.

Watu wakacheka. Waliokuwa wanapita wakasogea kuona kinachochekwa, wa nyuma wakawasukuma wa mbele, wa mbele wakambana bibi mmoja mwenye kikapu, na kikapu kikaanza kuyumba. Mama Upawa alikiona kikapu. Hakufikiri. Alivuta pumzi.

"Foleni."

Lilikuwa neno lilelile kwa sauti ileile, na kona ikanyooka. Waliokuwa wakisukumana wakajikuta mmoja yuko nyuma ya mwenzake. Wapita njia walipoona foleni wakaingia, maana mwerevu akiona foleni huingia kwanza akauliza baadaye. Fundi viatu aliacha kiatu cha mtu chini ya nyundo, akaja. Hata Mwalimu, na miwani yake na utaratibu wake, aliinua macho akajikuta amesimama katikati ya watu, mikono imetangulia mbele kama imeshika sahani. Wazee wa kanisa wakatazamana.

"Mama," fundi viatu akauliza kutoka alikokuwa, "kwani kinagawiwa nini?"

Mama Upawa akatazama chini, pale alipozoea kuona sufuria. Palikuwa na benchi. Hapo ndipo kosa lake lilipomjia: amewapanga watu na hana cha kuwapa. Kwa mpishi hakuna aibu inayoizidi hiyo. Afadhali chakula kiungue.

"Hakuna kitu," akasema. "Nisameheni, jamani. Mimi nilikuwa mpishi wa shule. Nimeona mnasukumana, mdomo ukanitoka wenyewe. Sina chakula, sina chochote."

Kicheko kikapita foleni nzima, cha watu waliokwisha kusamehe. Baadhi wakajitoa, wakaenda zao. Lakini yule bibi wa kikapu hakusogea. Alisema miguu yake si ya kusimamishwa bure.

"Nimeshafika mbele, mwanangu. Nipe hicho ulichokuja nacho."

Akanyoosha mikono. Mama Upawa akaitazama, na moyo wake ukarudi mahali pake, kwa kuwa mikono ndiyo aliyoijua. Vifundo vilikuwa vimevimba. Akaishika kwa uangalifu, kama kitu kilichotoka motoni.

"Inakuuma ukilala," akasema.

"Inauma. Na nikiamka sina wa kumwambia."

"Yupo, bibi. Yeye halali." Akamweleza, kwa sauti ya kawaida, kwamba Mungu aliyemwumba anampenda, pamoja na vifundo vyake vyote, na kwamba kumwamsha mtu asiyelala si usumbufu. Akamwombea maombi mafupi. Ilikuwa hatua moja tu katika zile nne, lakini kwa sahani ile ilitosha. Bibi akamshukuru, akapita, akaketi kwenye benchi asikilize ya wengine.

Aliyefuata alikuwa bwana mmoja aliyevua pete yake na kuivaa, akaivua akaivaa. Huyo Mama Upawa alimwambia habari ya dhambi, na hakukata kona. Kisha akampeleka mpaka msalabani, na bwana yule akaivaa pete ikabaki kidoleni. Akaja mama aliyekuwa anakunja ngumi. Akaja msichana wa duka la simu, ambaye alitaka tu kuombewa mtihani. Fundi viatu alipofika mbele alisema yeye hana shida, amekuja kuwawakilisha wengine. Mama Upawa akaangalia viganja vyake vilivyotobolewa na sindano, akamwambia hata mshona viatu vya watu huweza kuwa anatembea peku. Fundi akaitazama miguu yake. Akaomba aje Jumamosi nyingine kumjibu. Hivyo hotuba iliyogoma kutoka kwa ndoo ikatoka kwa upawa, kila mtu kwa kiasi cha sahani yake.

Zamu ya Mwalimu ilipofika aliona haya, akataka kujitoa.

"Simama hapo, Nyongeza," Mama Upawa akasema taratibu, macho kwenye vidole vyake. "Leo umekula?"

Mwalimu akacheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Kumbe alikuwa anajua siku zote kwamba amejulikana. Akakiri kwamba hajatia kitu mdomoni tangu jana, kwa hofu ya wazee wa kanisa. Mama Upawa akamwombea amani, kisha akamwagiza aende akale.

Foleni ikasogea, na mbele yake ikaja mikono mipana, grisi imeganda kwenye mikunjo ambako sabuni haikuwahi kufika, na kidole gumba kisicho na ukucha, ukucha uliobaki chini ya jeki kabla mtoto wao wa kwanza hajazaliwa. Mama Upawa hakuinua macho. Aliogopa kwamba akiyainua yatamwagika.

"Na wewe, baba," akasema, "una shida gani?"

"Mke wangu anataka kwenda mbali."

"Na wewe hutaki."

"Nani kasema sitaki? Ameniuliza kama nitamruhusu. Kaniuliza asubuhi, kaniuliza jioni, kaniuliza na chai iko kooni. Akanifundisha na kupika wali." Nyuma yake foleni ilisogeza masikio. "Hajaniuliza hata mara moja kama ningependa kwenda naye."

Mama Upawa akainua macho. Baba Watoto alikuwa amevaa shati lake la Jumapili, vifungo vimepishana kwa haraka.

"Si wewe uliyesema misheni ni ya watu wenye maneno?"

"Nilisema. Nilikuwa nangoja unibishie." Akakohoa kidogo. "Lile gari lao, linalozimika mlimani. Tangu siku ile silali vizuri. Nadhani ni pampu."

"Ungeniambia, mume wangu."

"Mtu hajialiki safari ya mkewe. Anaalikwa."

Mama Upawa aliona jinsi alivyokosea. Siku zote zile alikuwa ameomba ruhusa pale palipotakiwa mwaliko. Alijua kusoma mikono ya watoto wa shule nzima, na hii aliyolala nayo nyumba moja aliipita kama mlango wake mwenyewe, ambao mtu haupigii hodi. Akaishika yote miwili, na grisi yake.

"Baba Watoto, twende wote?"

"Swali zito hilo," akasema mume wake, "na chai sijanywa." Lakini mikono hakuitoa.

Foleni ilicheka kwa muda, na bibi wa kikapu akajipangusa macho. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa na desturi ya kutafuta kasoro hata kwenye arusi, akamsogelea Baba Watoto, akamuuliza kama zile hatua nne anazijua au anajua pampu peke yake. Baba Watoto akazitaja zote kwa mpangilio, bila kuruka hata moja, na kila moja akaieleza kama mtu aliyewahi kuipitia. Alisema amezisikia jikoni mpaka zikaanza kumfanyia kazi.

Jumapili akasimama, vifungo vimenyooka. Akasema amekubali, na kwamba yeye pia anaomba kukubaliwa. Wazee wakajadiliana kwa kunong'ona, kisha wakatoa jibu: Mama Upawa yuko tayari, lakini atamngoja mwenzake, na mwenzake ataanzia pale wanapoanzia wote, kwenye mashuka ya wodi. Mama Upawa hakuona uchungu wa kungoja. Alisema chakula kizuri hakijawahi kuivishwa na haraka.

Basi Baba Watoto akafua, akafagia, akachota maji, akalalamika kwa furaha. Kile kipaza sauti kilichokufa alikifungua kwenye kiti chake kando ya mlango, akakiponya, wakati redio ingali inasubiri nati yake. Na ilipofika Jumamosi yake ya kwanza barabarani, akapanda kwenye benchi na shati la Jumapili, fundi viatu akaacha nyundo ili asikie vizuri.

"Ndugu zangu," Baba Watoto akaanza, "Mungu anawapenda." Kisha akaziona zile nyuso zote. "Na msalaba..."

Mama Upawa alikuwa nyuma yake, ameshika Biblia. Akainama mbele kidogo kumnong'oneza, na mnong'ono wake ulisikika mpaka kwa kinyozi.

"Umeruka dhambi."